Kuni za Mgeni

Ndani ya basi la Mvumi, Nasma alijifanya amesinzia asipitwe na neno. Mbele yake kijana mtafiti alikuwa amepakata mizani ya kupimia kuni zinazotumika kila nyumba, apate kujua kama miti itatosha miaka ijayo.

“Mwenzako alinipimia wiki nzima,” alisema mama aliyeketi naye, “akadai namaliza kuni. Na mlaji ni yeye! Kila siku namchemshia maharage.”

“Mama, ungepika kama siku zote!”

“Mgeni yupo ndani, nipike mlenda unaoiva mara moja?”

“Sasa ukweli tutaujuaje?”

“Ukweli upi tena? Alishiba.” Nasma nusura acheke na usingizi wake wote.

Basi likasimama. “Unaanza kupima wapi, mwanangu?”

“Popote, mama.”

“Basi anzia kwangu. Jogoo yupo.”

Kijana akameza mate, akabeba mizani yake, akamfuata.