Kiraka cha Buluu na Baraza la Kanisa la Withercombe

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkaguzi wa Askofu, karibu sana Withercombe. Mvua imekulowesha njiani, lakini shayiri yetu iko ghalani, bia ya sherehe imeiva, na wapiga kengele wamekusubiri tangu alfajiri. Wanaume waligombania kusoma risala hii mpaka tukampa Bibi Ursula Venn, anayewafundisha wajukuu wetu herufi, maana yeye hagombani na mtu.

HISTORIA YETU

Malkia alipoagiza nchi nzima isali kanisani kwa kitabu kimoja, na makasisi wote wavae kanzu nyeupe, hapa kwetu watu wawili walishika msimamo wao. Kasisi wetu, Gervase Tallow, alikataa kuvaa kanzu nyeupe. Alisema ni tambara la Roma, akampa jirani yake, mjane Thomasine Pole, apangusie masufuria. Thomasine naye, aliyeshika imani ya zamani ya Roma, alikuwa amekataa kuingia kanisani tangu altare ya mawe ilipovunjwa, ikawekwa meza ya mbao. Kanzu ile hakupangusia kitu. Aliifua, akaikunja, akaiweka sandukuni pamoja na maua makavu.

Miaka ikapita wakichokozana juu ya ukuta wa bustani.

“Umeamkaje, padri?”

“Usiniite padri, mama. Roma ni mbali.”

“Basi vaa vizuri, baba, tujue wewe ni nani!”

MAFANIKIO

Majira ya baridi yaliyopita kasisi alishikwa na homa kali. Hana mke. Thomasine alivuka theluji na chungu cha mchuzi wa kondoo. Kasisi alipomwona aligeukia ukutani.

“Leo Ijumaa, mama. Wewe mwenyewe huli nyama.”

“Sili mimi. Wewe si unasema huamini mambo hayo? Fungua mdomo.”

Akafungua.

Blanketi zote zilipokwisha na bado anatetemeka, Thomasine alikwenda kuileta ile kanzu, akamfunika. Cheche ikaruka kutoka jikoni, ikaitoboa kifuani. Akaitia kiraka cha buluu alichokata kwenye gauni lake la harusi. Kasisi alipopata nafuu alijitazama, akapiga kelele.

“Umenivika!”

“Nimekufunika tu. Kukuvika ni kazi ya Malkia.”

Alicheka hadi kikohozi kikamrudia.

Tangu Pasaka anaivaa kila Jumapili. Anasema kanzu hiyo si ya Roma tena, ni ya jirani yake. Na Thomasine huja kuangalia kama hajaichafua. Haingii ndani. Anakaa kwenye baraza la mlangoni, mlango unaachwa wazi, na kasisi anapaza sauti ili imfikie. Upepo hutupiga sote, wala hajalalamika mtu. Mzee Wymond, mchunga kondoo, humtandikia Thomasine ngozi yake mwenyewe ya kondoo, kisha anajifanya ameisahau.

CHANGAMOTO

Tumeambiwa kanzu yenye kiraka cha rangi si kanzu, na kwamba kasisi asiyevaa inavyotakiwa ataondolewa leo. Tumeambiwa pia kuwa anayekaa barazani huhesabiwa hakuja kusali, na kwamba Thomasine atapelekwa gerezani. Mheshimiwa, akiondoka mmoja, huyu mwingine atachokozana na nani? Nasi tutamcheka nani tena kwa upendo namna ile?

MAOMBI

Tunaomba kiraka kihesabiwe kuwa ni kanzu. Tunaomba baraza lihesabiwe kuwa ni kanisa. Daraja letu limeoza, kama ulivyoona ulipolivuka, lakini hilo litangoja.

Maneno yanayofuata tumeyaongeza sasa hivi. Ulipofika ukiwa umelowa, ulisimama pale barazani, ukavua kofia, ukamshukuru Mungu kwa kukufikisha salama. Bibi kizee aliyekushikia fimbo ukipangusa matope, akakupisha kwenye ngozi ya kondoo ili upumzike, ndiye Thomasine. Ulipomaliza kuomba aliitikia amina. Kasisi alikuwa ndani amevaa kanzu yake, akasikia, akaitikia naye. Sisi sote tukafuata.

Kama pale si kanisani, Mheshimiwa, kofia uliivua kwa ajili ya nani?

Mungu amlinde Malkia, akukaushie njia ya kurudi, na akuache ule kwanza, maana mikate ya mavuno ingali moto na Thomasine ndiye aliyeioka.

Ni sisi, waumini wa Withercombe, wa ndani na wa barazani.