Maisha ya Mzamiaji Aliyemwacha Mgeni Baharini

Ndugu waombolezaji, wazee wetu, majirani na jamaa wote mliofika, kwa niaba ya familia mdogo wake marehemu amesimama mbele yenu kuwasomea maisha ya kaka yake, kama marehemu mwenyewe alivyoagiza yasomwe.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1958, mtoto wa tatu kati ya sita wa baba seremala na mama mshonaji, na mtakaoshangaa mshangae, kwani hadi miaka kumi na mmoja aliogopa maji hata ya kuoga, mama akimkimbiza kuizunguka nyumba, ndoo mkononi.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1966 hadi 1972, na sekondari mwaka 1973 hadi 1976, ambako aliacha sifa ya kuchora samaki kwenye kurasa za mwisho za madaftari yote, yakiwemo ya wenzake.

Januari 1977 alianza kazi kwenye karakana ya pampu, mwaka 1981 akaajiriwa na kampuni ya wazamiaji kujaza hewa kwenye mitungi, na maji aliyoyaogopa akayavulia nguo, hata tarehe 2 Mei 1984 akapata cheti cha kuongoza wageni chini ya bahari. Aliyajua matumbawe yale kama mtu anavyoijua mitaa ya kwao, shimo la pweza, pango la chewa mzee aliyewatazama wageni kama karani mwenye foleni ndefu, na mahali kasa wanapotulia wasafishwe magamba na samaki wadogo, wala hakuruhusu mtu aguse tumbawe hata kwa kidole.

Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, muuguzi aliyemtibu sikio baada ya kuzamia na mafua, kosa ambalo yeye mwenyewe aliwakataza wageni kila siku, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, mwaka 1989, 1992 na 1996.

Sasa tunafika tarehe 9 Agosti 1991. Desturi ya kazi yao ni kwamba boti haiondoki kabla kiongozi hajaita jina la kila mgeni na mgeni akaitika kwa kinywa chake, lakini siku hiyo mvua ilikuwa inakuja, naye akahesabu vichwa tu, akapata kumi na wawili kama walivyotoka, asijue kwamba mmoja wao ni fundi wa injini, aliyevaa nguo za kuzamia ili akate kamba iliyonasa kwenye pangaboi la boti, na sasa ameketi katikati ya wageni akitiririka maji. Walikuwa wamekwenda robo saa alipoona kandambili za kike chini ya benchi, hazina mwenyewe, wakageuza boti, wakamkuta mama mmoja, mwalimu, akielea peke yake, sauti imemkauka kwa kuita.

Nahodha alimshauri aandike kwamba mgeni alijitenga na kundi, marehemu akakataa, akaandika kwa mkono wake kwamba kosa ni lake, akanyang'anywa cheti, akarudi kujaza mitungi miaka miwili. Alimwandikia yule mwalimu barua mbili, hazikujibiwa. Tangu aliporudishiwa cheti mwaka 1993 hadi alipostaafu mwaka 2018, hakumwacha mtu.

Moyo ulianza kumsumbua Oktoba 2022, na Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, akafariki dunia, akiwa ameagiza kwamba siku ile ya Agosti 1991 nayo isomwe. Mdogo wake alikaidi, akaona marehemu hasemwi vibaya, akaandika historia nyeupe isiyo na doa, na jana shemeji alipoisoma akairudisha mezani, akauliza huyu aliyeandikwa ni nani, maana mume wake hamwoni humo. Mdogo wake aliona haya, akaandika upya.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani waliotupikia na kutulaza, na wazamiaji wenzake waliombeba leo mabegani. Kwa yule mwalimu, popote alipo, hatuombi msamaha kwa niaba ya marehemu, kwani alitukataza, alisema huo ni wake mwenyewe kuuomba.

Kaka, historia yako imesomwa yote, haikurukwa hata siku moja. Pumzika kwa amani.