Umeme wa Mama Birika

Benchi letu liko kati ya kibanda cha Volti, fundi redio, na cha kinyozi tunayemwita Jaji, maana hakuna kesi asiyoitolea hukumu. Mimi ndiye Mama Birika. Nauza kahawa, na akili zangu nyingi huziacha nyumbani na vyombo vichafu. Wiki hiyo kiunoni nilining'iniza kidude chenye nyaya zilizobandikwa mgongoni, cha kupitisha umeme mdogo wa kutuliza maumivu. Daktari alisema kikinisaidia, watanipandikiza kingine chini ya ngozi. Siku ya mwisho ya majaribio ikafika; kesho yake asubuhi nilitakiwa nikatoe jibu. Nikafanya kosa la kuomba ushauri benchini.

— Umekizima? Jaji akauliza kabla hajapokea kikombe.

— Nimekizima, baba. Si ndiyo sheria mliyonipa tangu siku ya kwanza, nizime nikimimina?

— Birika ni la bati, mama. Mchuma janga hula na wa kwao, na wa kwako ndio sisi.

Volti akatikisa kichwa.

— Betri ile haiui mtu. Ila haba na haba hujaza kibaba. Umeme unaingia, hautoki. Siku atakayomgusa mumewe, taa za nyumba zitawaka zote.

— Mume wangu hata radi haimwamshi, nikasema.

— Cheka tu. Chaji ikijaa hutafuta pa kutokea. Utaanza kushika taarifa ya habari masikioni.

— Hapo na wewe huna kazi tena, Jaji akamwambia. Hukumu yangu: asipasuliwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wakishakipandikiza, rimoti wanabaki nayo wao. Akigombana na nesi, anabonyezwa, anacheza katikati ya barabara.

— Na kahawa yote inamwagika, Volti akasikitika.

Nami, mtu mzima niliyesoma hadi sekondari, nikajiona nikicheza barabarani na birika mkononi. Nikaamua: jibu ni hapana.

Ndipo akafika mteja wa Volti, mwanamke aliyebeba pasi iliyoungua. Akaniangalia nilivyoinama kumimina, mkono mmoja kiunoni.

— Dada, hicho kikiwaka, mgongo bado unauma?

Volti akamtazama Jaji. Jaji akatazama kikombe chake. Mimi nikajaribu kukumbuka. Kutwa nzima namimina, kwa hiyo nazima. Nyumbani nazima nisiwapige watoto shoti. Kitandani nazima, zisije kweli taa zikawaka. Wiki nzima nilikuwa nimevaa betri kama mkufu.

— Sijui, nikasema.

Nikalitua birika mbele yao, nikakaa, nikabonyeza. Mgongoni pakaanza kutambaa kitu kama sisimizi.

— Sasa nani atamimina? akauliza Jaji.

— Ninyi. Mimi nina mpaka asubuhi kujua.

Volti akanyoosha mkono kwenye birika, akasita, akaurudisha. Kisha akaingia kibandani kutafuta glavu za mpira.