Mama Ndiyo-na-Siyo Anafunga Daftari

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi, mwenzetu wa chumba cha kumbukumbu za kura, tunayemwita Mama Ndiyo-na-Siyo, anastaafu tarehe 30 Juni. Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, ingawa moyo wenyewe umegoma.

Kazi yake ilikuwa moja tu: kila hoja ya kupunguza matumizi ya serikali ilipofika bungeni, aandike nani kakubali na nani kakataa. Asiyejua atadhani ni rahisi. Waheshimiwa wetu hupiga kura kwa mdomo. Wakiulizwa, ukumbi mzima hupaza sauti, kisha hutangazwa kwamba waliosema ndiyo wameshinda, na majina hayabaki popote. Kwa hiyo Mama alikaa kwenye jukwaa la wageni miaka miwili mizima akijifunza sauti zao. Mwishowe aliweza kumtambua mheshimiwa kwa kikohozi.

Daftari lake lilikuwa na safu tatu: ndiyo, siyo, na msalani. Ya tatu aliibuni mwenyewe, kwa ajili ya wale ambao haja huwabana dakika ileile kura inapoitishwa. Neno hilo tulilidaka. Hapa ofisini, mtu akikwepa zamu ya kuosha vikombe, tunasema kaenda msalani. Siku moja Mama aliandika ndiyo ya mheshimiwa mmoja, kumbe bwana yule alikuwa amesinzia na anaitikia ndoto. Alipogundua kosa alimfuata mpaka kantini kumwomba radhi. Mheshimiwa akamwambia aiache hivyohivyo, maana hata yeye hakujua hoja ilihusu nini.

Namkumbuka muuguzi mmoja aliyekuja na viatu vimejaa vumbi, kuuliza nani alifunga wodi yao ya wazazi. Mbunge wao alikuwa amewaapia kwamba alipinga. Mama akamfunulia ukurasa: ndiyo. Muuguzi akanakili kwa mkono, akaenda kuwasomea watu wa kwao. Mbunge huyo alichaguliwa tena kwa kishindo. Habari zikamfikia Mama. Alichonga penseli yake mpaka ikabaki kipande.

Machi mwaka huu ikaja hoja ya kukifuta chumba chake, eti kubana matumizi. Yeye angestaafu hata hivyo; kilichomnyima usingizi ni nani ataandika baada yake. Tukaitisha mkutano wa wafanyakazi, tupige kura kama tupeleke barua ya kupinga. Hapo mimi ninayeandika haya nilitoa simu mfukoni na kutoka nje, kana kwamba imeita. Haikuwa imeita. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja na nina watoto wawili shuleni. Niliporudi, kura zilikuwa sare na barua imeshindikana. Mama aliniuliza tu kama nyumbani kuna usalama. Nikamjibu upo, nikatamani ardhi inimeze.

Siku ya hoja alipanda jukwaani kama kawaida, akaziandika sauti zilizokifuta chumba chake, moja baada ya nyingine. Nilikaa nyuma yake nikimtazama. Hakuruka jina hata moja.

Mama, asante kwa miaka yote uliyotusikilizia. Tunakuombea afya njema, usingizi wa mchana usiokatizwa, na wajukuu wa kukuchosha kwa raha. Unisamehe kwa ile simu. Wiki moja baada ya wewe kuondoka kuna hoja ya kupunguza dawa za hospitali, na nimesema nitakwenda kuandika mimi, bila kuagizwa na mtu. Nimeshapanda jukwaani mara tatu kujaribu. Nasikia kelele tu.