Mlimau Ulioahidiwa Kiti cha Mbele

Bi Léonie Carrière anastaafu Ijumaa hii, tarehe 29 Novemba, baada ya miaka thelathini na moja mapokezi, hapa kwenye kampuni yetu ya kuhamisha watu nyumba, Winnipeg. Bosi Braddock aliniomba niandike maneno matamu. Naanza na matamu, halafu tutaona.

Alipoajiriwa hakujua kutofautisha blanketi la kufungia piano na la kufungia kabati. Mwezi haujaisha, akawa anatufokea sisi wapakiaji kama mama mkwe. Meza yake ilinukia kahawa na supu ya njegere, na mteja aliyeingia analia aliondoka ameshiba. Watu walitufuata kwa sababu ya neno lake, si kwa rangi ya malori.

Sasa machungu. Januari iliyopita mjane mmoja, Bibi Palmira Furtado, alikuwa anahamia kwa bintiye. Alikuwa na mlimau ndani ya ndoo, ulioota kwa mbegu aliyokuja nayo marehemu mumewe kutoka visiwa vya Azori. Nje baridi ya kupasua meno. Kabla ya kutia saini akauliza, na mti wangu je? Bi Léonie akamjibu, nami nasikia: "Mama, huo utapanda mbele na dereva, penye joto." Ndipo mjane akashika kalamu.

Siku ya kuhama, msimamizi wetu aliijaza kebini, pale mbele kwa dereva, maboksi yake mwenyewe, mlimau ukatupwa nyuma ya lori kwenye baridi. Ulifika majani meusi. Bibi Palmira alipolalamika, bosi akaugeuza mkataba na kumwonyesha herufi ndogo kama mayai ya chawa: kampuni haiwajibiki kwa mimea hai. Kana kwamba ahadi ni jasho, mtu akitoka nje inakauka!

Mjane akaenda mahakama ya madai madogo. Bosi akamwita Bi Léonie, akamtaka aseme hakumbuki, na asisahau nani anamlipa. Mwenzetu akavaa koti lake jekundu la kanisani, akasimama mbele ya hakimu, akamtazama bosi. "Nilisema," akasema. "Na mlinikalisha pale mapokezi niseme kwa niaba yenu."

Hakimu akaamua kuwa ahadi iliyomfanya mtu atie saini haifutwi na mistari iliyochapwa nyuma ya karatasi hiyohiyo. Mimi shule niliiacha njiani, lakini hilo nililijua tangu nikivaa kaptura.

Mnadhani bosi aliona haya? Alichapisha mkataba mpya: maneno ya mfanyakazi hayaifungi kampuni. Kisha akamwamuru Bi Léonie amsomee kila mteja kwa sauti. Mwanamke ambaye neno lake limetulisha sote, anatangazishwa kwamba neno lake ni upepo! Ndiyo maana anaondoka mapema. Msidanganywe na keki.

Lakini jana, wakati wa chai, bosi alisimama, mkono kifuani, akaahidi kwamba Januari kampuni itamhamisha Bi Léonie bure hadi Brandon, kwa dada yake. Tulisikia sote. Hata paka wa bohari alisikia.

Bi Léonie, asante kwa kutufundisha kusema jambo na kulitenda. Upumzike kwa afya na kicheko, na chungu chako cha supu kisikauke. Wakikuletea karatasi yoyote, usitie saini. Na ule mche aliokuoteshea Bibi Palmira kwa mbegu za malimau yake ya mwisho utapanda mbele na dereva, penye joto. Nitaupakata mimi.