Tumkumbuke Mama Tokeni, Aliyefunga Mlango Kabla ya Kuuliza

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Aliye na sufuria jikoni apunguze moto, chakula kikiungua nitasingiziwa mimi.

Leo tunamkumbuka mwanamke aliyetufukuza karibu sote. Ukienda hospitali kubwa, chumba cha eksirei, mlango wa kijani wenye taa nyekundu juu yake, ulimkuta yeye. Umempeleka mkeo? Tokeni. Umempeleka bintiyo? Tokeni. Mgonjwa abaki, wengine wote tokeni kwanza. Jina lake la kwenye cheti tumwachie mumewe, fundi cherehani. Sisi tulimwita Mama Tokeni. Mama Tokeni amefariki Jumanne asubuhi, baada ya kuugua kifua.

Hakuchagua wa kumtoa. Siku moja alimtoa askari aliyekuja na mahabusu. Askari akang'aka, "Huyu akitoroka je?"

Chumba hakina hata dirisha. Mama Tokeni akamwambia, "Atatorokea wapi, baba? Ndani ya mashine?"

Akishafunga mlango, ndipo alipouliza. Kwa sauti ya chini, kila mwanamke, "Mama, una mimba, au unahisi huenda unayo?" Kila mwanamke, nasema. Namjua bibi mmoja, ana kipindi redioni, simtaji. Alipelekwa kupigwa picha ya nyonga, meno yenyewe yamebaki ya kuhesabika. Naye akaulizwa. Akajibu, "Mwanangu, kama ninayo, naomba uniandikie barua nimpelekee marehemu mume wangu." Wakacheka mpaka picha ikaharibika, ikabidi irudiwe.

Basi tulidhani ni tabia tu. Watu wa hospitali nao wana vituko vyao. Kumbe tabia hiyo ilikuwa na chanzo, na chanzo chenyewe hakichekeshi.

Turudi nyuma. Mama Tokeni alikuwa msichana, anasomea upigaji picha za uchunguzi hospitalini. Masomo yalikuwa ya miaka mitatu, naye alikuwa mwaka wa pili. Nyumbani alimgeuza kaka yake kuwa mgonjwa. Kaka mtu ananiambia, "Alinilaza juu ya meza ya kulia chakula. Vuta pumzi. Shikilia. Usipumue. Halafu akaenda kuchungulia kitabu chake! Mama aliponikuta, macho yamenitoka kama chura."

Ndivyo alivyokuwa. Ana haraka ya kujua. Ana haraka ya kuonekana anajua.

Mwalimu wao alikuwa mzee mmoja mpole, waliyemwita Mzee Kivuli. Kila siku aliwaambia, "Wanangu, eksirei ni kivuli tu. Mtu mwenyewe amelala pale mezani. Mwangalieni mtu." Na sheria yake ilikuwa moja. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiwa peke yake apige picha za mikono na miguu tu. Mgongo, tumbo, nyonga, amsubiri mwalimu.

Siku hiyo Mzee Kivuli aliitwa chumba cha upasuaji. Foleni ikajaa benchi, ikamwagika hadi ngazini. Watu wakaanza kusonya. Akaingia binti mmoja aliyeanguka, mgongo unamuuma, anatembea kama amebeba ndoo. Nyuma yake, mama yake.

Mwanafunzi wetu akatazama mlangoni, mwalimu haonekani. Akasema moyoni, mgongo ni mgongo, nimeshaona ikifanywa. Akamlaza binti. Kisha, kwa sauti ya kusikika hadi benchini, akauliza, "Una mimba?"

Mama akadakia kabla binti hajafungua mdomo. "Mimba? Ya nani? Huyu mtoto wa shule! Dada, hebu fanya kazi yako."

Binti akatikisa kichwa, macho kwenye dari.

Akapigwa picha. Ya mbele, ya ubavu, na ya tatu kwa sababu ile ya pili ilikuwa na ukungu. Mgongo ulikuwa mzima. Mama akashukuru. Mwanafunzi wetu akajisikia mtaalamu kamili.

Baada ya wiki chache binti akarudi. Safari hii peke yake. Alisimama pembeni ya mlango wa kijani mpaka benchi likawa tupu. Akauliza kwa sauti ya chini, "Dada, ile mashine inamdhuru mtoto aliye tumboni?"

Wasikilizaji wapendwa, hebu jiwekeni pale. Mwanafunzi wetu akaona kosa lake lote kwa mara moja. Akawaza mtoto, akawaza kufukuzwa masomoni, na sijui alitanguliza lipi. Akasema, "Sijui. Nisubiri hapa." Akatoka mbio kumtafuta Mzee Kivuli.

Alimpata. Akamweleza yote, hakuficha hata ile picha yenye ukungu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Akauliza aina ya picha na kiasi cha mionzi, akapiga hesabu zake. Akasema, "Mionzi uliyompa ni kidogo. Hatari kwa mtoto ni ndogo sana. Amefanya vizuri kuja. Twende tumweleze, asikae na hofu."

Wakarudi pamoja. Benchi lilikuwa tupu.

Nasema tena, kwa sababu hapo ndipo penye msiba wa maisha yake. Jibu la kumtuliza binti lilikuwepo, lakini binti alikuwa ameondoka na neno moja tu, "sijui."

Mwanafunzi wetu akaenda hadi nyumbani kwao. Mlango ukafunguliwa na mama. Sasa aseme nini? Akisema ukweli, ametoa siri ya binti. Akababaika, "Nimekuja kuulizia mgongo wa mgonjwa."

"Mgongo umepona. Kaenda kwa shangazi yake."

"Wapi, mama?"

"Mbali." Na mlango ukafungwa.

Alipokwenda tena, nyumba ilikuwa na wapangaji wengine. Chuoni walimrudisha mwaka. Akakaa darasa moja na wadogo zake, wakimwita Bibi Mwanafunzi. Yeye alisema hiyo haikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba kila mtu akikohoa nje ya mlango, alikimbia kuchungulia kama ni yule binti.

Alihitimu. Alifundisha vijana wengi. Lakini yule mtoto wa tumboni hakumtoka akilini. Binti yake wa kuzaa ananiambia, "Sokoni mama alikuwa anaganda ghafla. Anamkodolea macho kijana aliyenizidi miaka michache. Anaangalia anavyotembea, vidole, masikio. Nikajua ananitafutia mume! Nikamwambia, mama, huyu hapana, ana miguu kama bata. Akacheka, halafu akageuka akajifuta macho."

Mwezi uliopita alilala mwenyewe kwenye meza ile ile. Mwanafunzi wake wa mwisho ndiye aliyempiga picha ya kifua. Binti yake alitaka kubaki amshike mkono. Mwanafunzi akamwambia, "Samahani dada, toka kwanza." Akafunga mlango. Akamuuliza mwalimu wake, mwenye wajukuu, kama ana mimba. Mama Tokeni alicheka mpaka kikohozi kikambana. Kisha akalia. Akasema, "Umefuzu, mwanangu."

Alipolazwa, alimsimulia binti yake habari nzima. Akamalizia, "Nenda kwa yule bibi mbeya wa redioni. Mwambie aseme. Asiulize."

Mbeya ni mimi. Nimemsamehe, maiti hagombwi.

Basi ninasema. Nimebadilisha mambo mawili matatu, kwa hiyo majirani msijisumbue kubahatisha. Wewe uliyesimama kando ya mlango wa kijani, jibu lako ni hili, limechelewa miaka mingi. Mionzi ilikuwa kidogo. Hatari ilikuwa ndogo sana. Hukumdhuru mtu. Kama kuna lolote lililotokea, usijibebeshe wewe. Swali ulilouliza lilikuwa la haki, na aliyekosa alikuwa Mama Tokeni.

Sasa nisikilize. Usipige simu hapa studio. Usitikise kichwa. Pengine mama yuko jikoni, pengine wifi amekaa pembeni yako anakutazama. Endelea kupepeta mchele. Ile taa nyekundu bado ipo, na yule mwanafunzi wake wa mwisho sasa ndiye mwenye chumba. Ukitaka kusema kama mtoto yu mzima, nenda siku yoyote. Atawatoa wote kwanza, ndipo akuulize. Usipotaka, kaa na amani yako.

Kwa fundi cherehani, kwa binti, kwa kaka aliyeachwa bila kupumua, na kwa vijana wote aliowafundisha, poleni sana. Nasi tuliobaki, tunaodakia majibu ya watoto wetu kabla hawajafungua mdomo, tujitafakari. Mtu akiulizwa lake, tutoke nje kidogo. Tufunge mlango.

Mama Tokeni, pumua sasa.