Dada Aliyenuna Safu ya Nyuma

Ndugu waombolezaji, kwanza msomaji anaomba radhi, amesimama mbele yenu akainama na kutabasamu kama mtu anayepigiwa makofi, na hakuna aliyempigia, ni mazoea ya kinyozi huyu, mdogo wake marehemu, na chanzo chake mtakisikia sasa hivi.

Marehemu dada yetu, mwandishi ambaye wengi wenu mmemsoma, alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mwashi na mshona nguo, akamaliza kidato cha nne mwaka 1969, na mwaka uliofuata akaajiriwa kupiga chapa katika ofisi ya mawakili, chumba cha nyuma, dirisha likitazama ukuta. Wenzake wakienda kula, yeye alibaki na mashine akiandika hadithi, akazipeleka kwa wachapishaji, zikarudi zote.

Maandishi yake yaliyosikika ni historia za marehemu tu zinazosomwa mazikoni, majirani walimwomba awaandikie, naye aliandika mpaka mtu anamlilia asiyemjua, ila sauti yake ilikuwa nyembamba, kwa hiyo aliyesoma ni mdogo wake, mwenye koo kama kengele. Watu wakamkumbatia msomaji, wakamwambia ana kipaji, naye akainama na kupokea, huku dada amesimama safu ya nyuma, mkoba kifuani, wivu umemkaba, na akifika nyumbani anamwambia mama, "Mwanao amesifiwa tena kwa maneno yangu."

Tarehe 20 Agosti 1976 alizikwa mpiga picha wa mtaa wetu, na shemeji yake alikuwa mhariri wa vitabu, yule yule aliyekuwa akirudisha hadithi za dada. Baada ya historia kusomwa, mhariri alimshika msomaji mkono, akamtaka alete muswada, dada akaona, akageuka aondoke zake. Msomaji, ambaye hata barua ya mapenzi hajawahi kuandika ikajibiwa, alimwambia, "Mimi nina koo tu, bwana. Mwandishi ni yule pale, aliyenuna."

Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1977, na wivu ukahamia kwa kinyozi, maana kitabu hakihitaji mtu wa kuwasomea watu, na kila mteja akikaa kitini anauliza, dada hajambo?

Mwaka 1979 aliolewa na fundi saa, wakajaliwa watoto watatu na wajukuu watano. Alianza kuugua figo mwaka 2021, akafariki Jumanne tarehe 11 Juni 2024, alfajiri, mumewe akiwa kando yake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumpeleka hospitali, na wapiga chapa wenzake wa zamani, tunawaona hapo mbele. Na kabla hatujamwambia dada apumzike kwa amani, mjue kwamba msomaji alimpelekea karatasi kitandani, akamsihi aiandike historia hii mwenyewe ili isomwe vizuri, naye akairudisha tupu, akasema, "Safari hii andika wewe, nisifiwe mimi."